"Somo Limeeleweka": Kwa Nani?

Ubao na Chaki: maswali ya wasomaji kuhusu kufundisha na kujifunza hisabati. Anayejibu ni mkufunzi mstaafu wa hisabati, mkazi wa Nyegezi, Mwanza.

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa watu walioshika chaki wenyewe, na zinazungumzia jambo moja: mwalimu kukaa chini baada ya kipindi na kuitafakari kazi yake. Nimechagua nne. Ya kwanza nitakaa nayo kuliko nyingine, kwa sababu mwandishi wake ameniletea ushahidi, na mimi mtu akiniletea ushahidi simwachi upesi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi, huu ni mwaka wangu wa pili kazini, katika chuo kimoja hapa Mwanza. Nafundisha kalkulasi mwaka wa kwanza. Darasa lina wanafunzi kama 180, ukumbi una feni mbili na moja haizunguki. Mwanzoni mwa muhula tulipewa semina ya ufundishaji wa kutafakari. Tukaambiwa kila mmoja awe na daftari, akitoka darasani aandike somo limekwendaje, nini kimekwenda vizuri na nini akiboreshe. Nimeandika tangu wiki ya kwanza bila kuruka. Tesiti ya kwanza imekuja, zaidi ya nusu wameanguka. Nimerudi kulisoma daftari, sikuona popote dalili kwamba hili lingetokea. Nimekutumia picha za kurasa zake na za karatasi chache za tesiti. Kosa ni langu, la wanafunzi, au la hilo daftari?
Mhadhiri kijana, Mkolani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kurasa zako nimezisoma zote, na nakushukuru kwa kuzituma bila kuzipamba. Naomba ruhusa ninukuu tatu. "Leo nimefundisha kanuni ya zao. Somo limekwenda vizuri, wanafunzi wameshiriki." "Leo muda haukutosha. Nijitahidi kupanga muda." "Wanafunzi wengi hawana msingi wa aljebra. Wahimizwe kufanya mazoezi."

Wasomaji waliopita chuo cha ualimu wameshaanza kucheka. Kwenye andalio la somo, pale chini kabisa, kuna visanduku vya tathmini ya wanafunzi, tathmini ya mwalimu na maoni. Wakati wa mazoezi ya kufundisha tulivijaza vipi? "Somo limeeleweka kwa asilimia 80 ya wanafunzi." Hiyo asilimia 80 nani aliipima? Wapo waliokuwa wakiijaza usiku wa kuamkia kipindi, somo lenyewe halijafundishwa, ili mkaguzi akiingia asubuhi akute karatasi imekamilika. Nimepitia maandalio ya walimu-wanafunzi mpaka hiyo asilimia 80 nikawa naitambua kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Sijawahi kukutana na 63.

Daftari lako limerithi tabia ya kile kisanduku. Lisome tena uone: ndani yake hakuna mwanafunzi hata mmoja. Hakuna mstari ulionakiliwa kutoka kwenye daftari la mtu, hakuna swali aliloliuliza mtu, hakuna jibu la kushangaza. Kuna hukumu tu: vizuri, haukutosha, hawana msingi. Ushahidi uliotumika kufikia hukumu hizo umebaki ukumbini na ile feni isiyozunguka. Ndiyo maana tesiti imekushtua.

Uingereza kuna mtu anaitwa John Mason, amefanya kazi miaka mingi na walimu wa hisabati katika Open University, na mwaka 2002 alitoa kitabu kuhusu mwalimu kujifunza kutambua yanayotokea mbele yake. Anatenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya kwenye sentensi moja: kusimulia kilichotokea, na kukitolea sababu. Anataka la kwanza liandikwe kwanza, kwa ufupi, kwa namna ambayo mwingine aliyekuwepo angesema "naam, ndivyo ilivyokuwa". Sababu zije baadaye. Mimi nikiwashauri vijana huwaambia wafungue kurasa mbili. Wa kushoto ni wa ulichoona na kusikia. Wa kulia unaachwa mtupu mpaka jioni. Na ukurasa wa kushoto una maneno yaliyopigwa marufuku: "vizuri", "vibaya", "wavivu", "msingi" na "wengi". Ukikatazwa hayo matano utalazimika kutazama.

Sasa tushike mfano wako mwenyewe. Kwenye picha za tesiti kuna karatasi ambayo swali lilitaka derivativu (kasi ya kubadilika) ya (x² + 1)(x³ − 2). Mwanafunzi ameandika 2x · 3x² = 6x³. Umemwekea mkasi mwekundu, sifuri, na pembeni umeandika "Hujasoma!"

Amesoma, mwanangu. Tena amesoma mpaka somo la wiki iliyotangulia, maana ulimfundisha kwamba derivativu ya jumla ni jumla ya derivativu, akaona ni halali ya zao nayo iwe ni zao la derivativu. Hata Leibniz, mmoja wa hao wawili, yeye na Newton, tunaowasifu kwa kuizaa kalkulasi, katika karatasi zake za Novemba 1675 alijiuliza hilo hilo kabla hajajionyesha kwamba haiwezekani. Kijana wako yuko pale Leibniz alipopita. Tofauti ni kwamba Leibniz alijaribu mfano, na huyu hakuna aliyemwambia ajaribu.

Mfano wenyewe ni mfupi. Chukua x mara x. Kwa njia ya kijana, derivativu ni 1 mara 1, yaani 1. Lakini x mara x ni x², na anajua vizuri kwamba derivativu yake ni 2x. Mwache aivunje kanuni yake kwa mkono wake. Ukiivunja wewe ubaoni atanakili, na akifika chumba cha mtihani itamrudia ile aliyoitunga mwenyewe.

Halafu mpeleke mwaloni Igombe, kwa mawazo tu. Chora kichanja cha kuanikia dagaa, urefu mita 10, upana mita 2. Eneo ni mita za mraba 20. Mwenye kichanja anaongeza urefu kwa mita 1 na upana kwa nusu mita. Eneo jipya ni 11 mara 2.5, yaani 27.5. Limeongezeka 7.5. Zimetoka wapi? Kuna ukanda mrefu ubavuni, 10 mara 0.5, ambao ni 5. Kuna ukanda mfupi mwishoni, 2 mara 1, ambao ni 2. Na kuna kipande kidogo cha kwenye kona, 1 mara 0.5, ambacho ni 0.5. Jumlisha utapata 7.5.

Sasa uliza darasa: kijana wetu aliyezidisha badiliko kwa badiliko, kwenye mchoro huu alihesabu nini? Subiri. Atatokea mmoja aseme, "Kona." Ndiyo! Alihesabu kona peke yake. Punguza nyongeza, urefu uongezeke 0.1 na upana 0.05. Kanda mbili zinatoa 0.5 na 0.2, kona inatoa 0.005. Kadiri nyongeza zinavyokuwa ndogo, kona inanyauka upesi kuliko kanda. Kijana amebakiza kinachotoweka, akatupa vinavyobaki. Na kanda hizo mbili zinazobaki ndizo kanuni ya zao: ya kwanza mara badiliko la ya pili, jumlisha ya pili mara badiliko la ya kwanza. Mimi kosa kama hilo nalipenda, kwa sababu ukilifuata linakufundishia somo zima la kesho bila kutafuta mfano kwingine.

Hivi ndivyo ukurasa wa kushoto unavyonisaidia kuliko "somo limekwenda vizuri". Nakupa mmoja wangu wa zamani, kama ulivyo:

"Jumanne, saa nne. Nimeuliza: kwa kanuni ya mwenzenu, derivativu ya x mara x ni ngapi? Kimya. Kijana wa safu ya tatu, shati la bluu: 'Moja.' Binti nyuma yake: 'Mbona juzi tulipata mbili x?' Minong'ono. Kijana: 'Basi juzi ndiyo tulikosea.' Wengine wanaandika. Wanaandika nini, sijaona."

Na wa kulia, ulioandikwa jioni: "Kati ya hesabu aliyoifanya mwenyewe na kanuni iliyotajwa leo, ameitupa hesabu yake. Kesho nisiseme kitu. Niwape x = 3 na x = 3.1, wapige 9 na 9.61, wagawe badiliko la 0.61 kwa 0.1, waone kama wako karibu na 1 au na 6."

Basi. Hakuna "nijitahidi". Ukurasa wa kulia usipoishia na kitu ambacho kesho saa nne utakifanya kwa chaki, uache mtupu, hautadai kodi.

Utaniambia: Mwalimu, hao ni watu 180, nitawasikia vipi? Kwa karatasi. Dakika tatu za mwisho kila mmoja achane nusu ukurasa ajibu swali moja. Lakini chunga unachouliza. Ukiuliza "Leo umejifunza nini?" utaletewa "Nimeelewa yote mwalimu, Mungu akubariki", na baraka hizo hazitamvusha mtu kwenye tesiti. Uliza hivi: "Andika fanksheni mbili ambazo ukizidisha derivativu zake unapata jibu lisilo sahihi. Umejuaje si sahihi?" Hapo hakuna pa kujifichia. Kisha usisome zote, utaichukia kazi kabla ya Ijumaa. Chomoa ishirini hivi bila kuchagua, zipange mezani kwa mafungu ya waliofikiri namna moja, nakili moja ya kila fungu kwenye ukurasa wa kushoto. Hata ndani ya daladala ya kurudi Mkolani inawezekana, ukipata siti. Na nakili kwa lugha waliyoitumia. Chuoni tunafundisha kwa Kiingereza, lakini mtoto akifika pale panapomchoma anaandika "sasa hii x imeenda wapi". Liandike hivyo hivyo, usilivalishe suti.

Kuna na tafakuri ambayo haiwezi kungoja daftari. Donald Schön, Mmarekani, katika kitabu chake cha 1983 alitofautisha mtu anayeifikiria kazi yake baada ya kuimaliza na yule anayeifikiria akiwa bado ndani yake, mikono ikiwa kazini. Kwetu hii ya pili inauawa na neno moja: "Tumeelewana?" Ukumbi mzima unaitikia "Ndiyoooo!" Tumeitikia hivyo tangu darasa la kwanza. Ni adabu, mwalimu anaitikiwa kama anavyosalimiwa, na mhadhiri anayeichukulia kuwa taarifa amejidanganya mwenyewe. Uliza swali lenye jibu, kisha nyamaza. Mary Budd Rowe, wa Marekani pia, alirekodi walimu wa sayansi wa shule za msingi na mwaka 1974 akaeleza alichokipata: baada ya kuuliza walisubiri kama sekunde moja tu, kisha wakarudia swali, wakamwita mwingine au wakajibu wenyewe. Waliozoezwa kusubiri sekunde tatu au zaidi walianza kupata majibu marefu zaidi, na kutoka kwa watoto ambao zamani hawakuwa wakijibu. Watu wazima wa mwaka wa kwanza chuoni nao wanahitaji hizo sekunde, tena mbele ya wenzao 179. Hesabu kimoyomoyo hadi tano huku ukitazama dirishani. Kama ukumbi wenu unaona ziwa, hesabu hadi kumi.

Kuhusu msingi wa aljebra, huenda una haki. Lakini "hawana msingi" si kitu unachoweza kukifundisha kesho asubuhi. "Kwenye (x + 6) juu ya x anafuta x na x, anabaki na 6" ni kitu unachoweza kukifundisha, tena kwa dakika nne: mwambie aweke x = 2, aone kwamba 8 gawanya kwa 2 ni 4. Rudi kwenye zile karatasi za tesiti, tafuta wamefanya nini hasa kila palipokuwa na "hawana msingi" yako. Ningeshangaa ukikuta aina zaidi ya tano.

Swali la kosa ni la nani nimeliruka makusudi. Nitumie ukurasa wa kushoto wa wiki ijayo.

SWALI: Habari za siku, Mwalimu. Mimi ni mkufunzi wa hisabati chuo cha ualimu upande wa Sengerema. Nilimwomba mwenzangu aingie darasani kwangu aniangalie nikifundisha milinganyo ya kwadratiki kwa kukamilisha mraba. Alikaa nyuma kipindi kizima. Tulipotoka akasema, "Hongera dada, somo zuri, ila sauti ongeza kidogo." Ikaishia hapo. Ofisini nako wameanza kusema najipendekeza kwa mkuu wa idara. Je, niendelee?
Mkufunzi, Sengerema

JIBU: Pole dada na maneno ya ofisini, na hongera, maana wanaothubutu kumkaribisha mwenzao darasani ni wachache. Endelea. Mwenzako usimlaumu. Ulimwalika ukamkalisha bila kumpa kazi, na mtu aliyekaa nyuma ya darasa anaona kilicho mbele, yaani wewe: sauti, mwandiko, mkao.

Mara ya pili mkalishe ubavuni, katikati ya wanafunzi wawili, na umpe kazi moja tu. Kwenye kukamilisha mraba wewe unajua mkwamo unatokea wapi. Una x² + 6x + 5 = 0. Unahamisha 5, unabaki na x² + 6x = −5. Unasema "ongeza 9 pande zote." Hapo ndipo watu wanapotawanyika: mmoja anaongeza 9 kushoto tu, wa pili anaandika (x + 9)², wa tatu anafika salama kwenye (x + 3)² = 4, halafu anaandika x + 3 = 2 na jibu la −5 linampotea, anaondoka na −1 peke yake. Mwambie mwenzako: "Nikishasema tisa, acha kunitazama. Nakili walichoandika hawa wawili, herufi kwa herufi, hata walichofuta." Mkitoka nje hamtazungumzia sauti tena. Mtazungumzia kwa nini 9, nusu ya 6 imetoka wapi, na kama mraba wenyewe uliwahi kuchorwa ubaoni au ulitajwa tu kwa mdomo.

Wajapani wana utaratibu wao, wanauita jugyō kenkyū. Walimu wanaliandaa somo moja pamoja, mmoja wao analifundisha, waliobaki wanawatazama wanafunzi. Baadaye wanakaa kulijadili kama somo lao wote. Faida yake kwa ofisi kama yenu ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu somo likiyumba halimyumbishi mtu mmoja. Kwa hiyo yule mwenye maneno mengi kuliko wote ndiye wa kumwita mkaandae naye. Na wewe utangulie kuingia darasani kwake kabla hajaingia kwako, ukae, unakili, umpe karatasi, usitoe maoni. Kama hapo chuoni hakuna anayekubali, tafuta mwenzio upande huu wa Mwanza. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa 2025, kisingizio cha kukwama kwenye kivuko hakipo tena.

SWALI: Mwalimu, mimi nimefundisha hisabati tangu ujana wangu hadi kustaafu. Hatukuwa na madaftari ya tafakuri. Tulifundisha, tukasahihisha, wakafaulu, na leo kuna wahandisi wanaonisimamisha barabarani kunisalimia. Haya mengine ni fasheni ya semina zenye posho. Hisabati haibadiliki.
Mwalimu mstaafu, Nansio, Ukerewe

JIBU: Shikamoo Mzee wangu. Kwa semina zenye posho sina ubishi na wewe, na kwamba hisabati haibadiliki pia sina ubishi. Ila wahandisi ndio wanaokusimamisha barabarani. Waliokaa safu za nyuma wakaichukia hesabu maisha yao yote, hao wakikuona wanavuka upande wa pili, na hawawezi kukuandikia barua.

Halafu nadhani unajinyima sifa yako. Ulipobeba rundo la madaftari nyumbani, ukasahihisha kwa taa ya chemli, ukaona robo ya darasa wameangukia mstari uleule, asubuhi ulianza na nini? Ulianza na mstari ule. Ndicho kitu tunachokisema hapa, na kwa darasa ambalo mkono wako ulipitia kila daftari hukuhitaji kuandika popote, ulikuwa nacho kichwani. Mhadhiri wa watu 180 ambaye tesiti zake nyingine zinasahihishwa na wasaidizi hana hicho kichwani. Hapo daftari linafanya kazi ambayo rundo lako lilikuwa linaifanya.

Nikuongezee silaha, maana kuna jambo ambalo watu wa semina hawalisemi. Kutafakari hakujazi nafasi ya hisabati usiyoijua. Mkufunzi asiyejua kwa nini hasi mara hasi ni chanya anaweza kutafakari mpaka kaunta buku iishe, na bado mwanafunzi akimuuliza atajibu "ndiyo kanuni". Inabidi awe anaweza kushuka naye ngazi: 2 mara −3 ni −6, 1 mara −3 ni −3, 0 mara −3 ni 0, kila tukishuka jibu linapanda kwa 3, basi −1 mara −3 inataka kuwa nini? Kwa hiyo nikikutana na mkufunzi mwenye saa moja tu ya ziada kwa wiki, na somo lenyewe bado linamtetemesha, namwambia saa hiyo akae na somo kwanza.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Mhadhiri wetu wa aljebra ya mstari anapenda kusema "ni dhahiri kwamba", kisha anaruka hatua tatu. Akimaliza anauliza "Mmeelewa?", tunaitikia ndiyo, tunakwenda stationari kununua madesa. Tunaogopa kuonekana vilaza. Fomu za kumtathmini mhadhiri zipo, lakini tunajaza mwisho wa muhula, na wakati huo sisi tumeshasapu (tumeshapewa mtihani wa marudio). Tufanyeje? Nimekutumia kurasa mbili za desa tunalotumia.
Mwanafunzi, Buhongwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza acheni kuitikia. Yeye anauliza, nyinyi mnamwambia ndiyo, sasa atajuaje? Kunyamaza si utovu wa nidhamu. Ukumbi mzima ukinyamaza, mhadhiri yeyote atageuka.

Pili, msimwambie "hatujaelewa". Neno hilo halimwonyeshi pa kuanzia, na wengine linawaudhi, wanasikia wanaambiwa hawajui kufundisha. Muulizeni mstari: "Mwalimu, kutoka mstari wa nne kwenda wa tano, safu ya pili ya matriki imefanywa nini?" Swali la namna hiyo halimfanyi mtu kilaza, linaonyesha ulikuwa unafuata mpaka wa nne. Na ulizeni kabla hajafuta ubao. Akiwa ni wale wanaofuta kwa mkono wa kushoto huku wakiandika kwa wa kulia, CR wenu (kiongozi wa darasa) akusanye mistari baada ya kipindi, achague miwili iliyotajwa na watu wengi, aiandike kwenye karatasi jinsi ilivyokuwa ubaoni, aweke mshale pale hatua iliporukwa. Nendeni wawili ofisini kwake saa za kuonana na wanafunzi. Shikamoo, karatasi, basi. Nimewajua wahadhiri wakali ambao ukiwaambia "hatukuelewi" wanakufukuza, lakini ukiwawekea mstari mezani mkono unatafuta kalamu wenyewe. Fomu za mwisho wa muhula zijazeni pia. Hazitawafaa nyinyi, zitawafaa wadogo zenu, na hapo vilevile tajeni mada na hatua, msiandike "anafundisha haraka".

Desa lenu nimelipitia. Ukurasa wa pili, determinanti ya tatu kutoka juu, kuna alama ya hasi imepotea, na kwa jinsi karatasi ilivyofifia inaelekea ilipotea siku nyingi, mmekuwa mkiirithishana kopi kwa kopi. Inatakiwa iwe −4, si 4. Irudisheni kwa kalamu, hesabu zote za chini yake zitakaa sawa.